Keki ya matunda ya Krismasi: maswali yenu na majibu yangu

Krismasi ikikaribia, maswali ya keki ya matunda huwa mengi, na karibu yote yana mzizi mmoja: watu wanaioka kama keki ya kawaida ya kunywea chai. Hii ni matunda yaliyoshikanishwa kwa unga kidogo tu, na haitaki pupa. Ukilishika hilo, umeshamaliza nusu ya kazi.

Shikamoo shangazi. Nataka kuoka keki ya matunda kwa mara ya kwanza. Nianze lini, na vipimo ni vipi?

Marahaba mwanangu. Kama unatumia ramu au brandi, ioke wiki 6 hadi 8 kabla ya sikukuu. Hata ukibakiwa na wiki 3 bado itapendeza. Siku ya kwanza ladha zake huwa hazijaelewana: mdalasini unasikika peke yake, pombe inachoma, ganda la chungwa lina ukali. Ikikaa, vyote hukolea pamoja.

Kwa chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20, chukua matunda makavu gramu 800, kinywaji cha kulowekea mililita 150, siagi gramu 225, sukari ya kahawia gramu 225, unga wa ngano gramu 225 na mayai makubwa 4. Kwangua ganda la chungwa 1 na la limau 1. Viungo ni mdalasini kijiko kidogo 1, kungumanga nusu kijiko, na karafuu ya kusaga kidogo sana, kwa sababu karafuu ikizidi hufunika kila kitu. Bekingi pauda usitie. Keki hii haitakiwi kuumuka sana. Hewa utakayoipiga kwenye siagi na mayai inatosha.

Nusu ya matunda yawe zabibu kavu. Nusu ya pili ni hiari yako: tende, tini, aprikoti, cheri, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Makubwa yakate yalingane na zabibu, la sivyo kisu kitayaburuta wakati wa kukata keki na vipande vitavunjika. Yaloweke usiku kucha, ukiyafunika na kuyageuza mara moja moja.

Kesho yake piga siagi laini pamoja na sukari hadi iwe nyepesi na ipauke. Tia yai moja moja, ukipiga vizuri kabla ya kuongeza jingine. Mayai yasitoke moja kwa moja kwenye friji. Yakiwa baridi, mchanganyiko hukatika, yaani siagi na mayai hutengana na kuwa kama maziwa yaliyoganda. Ukiona umeanza kukatika, tia kijiko kimoja cha unga, endelea kupiga, utarudi. Unga uliobaki na viungo changanya kwa mwiko, taratibu, kisha matunda na yale maganda uliyokwangua.

Nyumbani kwetu pombe haiingii. Je, keki itakuwa na ladha?

Itakuwa nayo, tena nzuri, mradi usiloweke kwa maji matupu. Napenda zaidi chai ya rangi iliyokolea, ikiwa bado ya moto, iliyochanganywa na maji ya machungwa kiasi sawa. Chai ina uchungu kidogo unaopunguza utamu mwingi wa zabibu, na moto wake huyalainisha matunda haraka. Juisi ya tufaha au ya zabibu nayo inafaa. Ukitaka kuloweka zaidi ya usiku mmoja, weka bakuli kwenye friji, kwa sababu matunda yaliyolowekwa kwa juisi huanza kuchacha.

Tofauti kubwa iko kwenye kuhifadhi. Pombe huzuia ukungu, juisi haizuii. Kwa hiyo hii usiioke miezi miwili kabla. Ioke wiki moja kabla ya sikukuu, ifunge vizuri, iweke kwenye friji. Ukitaka kuwahi zaidi, igandishe kwenye friza, hata miezi 3 itakaa, kisha iache iyeyuke polepole ikiwa bado imefungwa. Na usiinyweshe juisi wiki baada ya wiki kama wenye ramu wanavyofanya. Hapo utakuwa unaumwagilia ukungu.

Matunda yangu yote huzama chini. Wengine wananiambia niyapake unga. Ni kweli?

Unga husaidia kidogo, lakini sababu hasa ni rojo kuwa nyepesi. Rojo ya keki hii inatakiwa iwe nzito kiasi kwamba ukiinua mwiko inang'ang'ania, kisha inadondoka kwa kishindo. Ikiwa inatiririka, hakuna unga wa kupaka utakaoyaokoa matunda. Yale uliyoloweka yachuje kama kuna kioevu kilichobaki bakulini. Hicho kioevu kihifadhi, usikimimine kwenye rojo. Cheri zenye shira zioshe kwa maji ya uvuguvugu, zikaushe kwa kitambaa na uzikate nusu, maana shira huzifanya ziteleze hadi chini.

Nje inaungua, ndani bado mbichi. Nimeshakata tamaa.

Usikate tamaa, hili ndilo tatizo linalowasumbua wengi, nami nitalijibu kwa kirefu.

Rojo hii ni nzito na imejaa matunda, hivyo joto hufika katikati kwa taabu. Wakati huo huo pembeni kuna sukari nyingi, na sukari huungua upesi. Oveni ya sentigredi 180 iliyozoeleka kwa keki nyingine itaunguza nje kabla katikati hakujapata habari. Shusha hadi 140. Kama oveni yako ina feni, iwe 120. Weka keki kwenye waya wa chini kidogo ya katikati, na ujipe muda: saa 3 hadi 4 kwa vipimo nilivyotoa juu.

Kisha ivalishe. Ndani ya chombo weka karatasi ya kuokea tabaka mbili, chini na pembeni, zipande juu ya ukingo kama sentimita 5. Nje zungushia karatasi nene ya kahawia tabaka mbili, uifunge kwa uzi wa pamba. Uso wa rojo usawazishe kwa mgongo wa kijiko, na katikati bonyeza kidogo, ili keki isije ikapanda kama kichuguu. Baada ya saa mbili, ukiona uso umeshapata rangi, ufunike kwa karatasi ya kuokea yenye tundu dogo katikati la kutolea mvuke. Mlango wa oveni usiufungue kabla ya hapo.

Kuanzia saa ya tatu, chomeka kijiti katikati hadi chini. Kikitoka na rojo, rudisha keki. Lakini chomeka sehemu mbili, maana kijiti kikipita kwenye tende au zabibu hutoka kimepakaa na kukudanganya. Ipo pia njia ya kusikiliza, nami naiamini sana: toa keki, inamisha sikio karibu bila kujiunguza. Ikiwa bado mbichi utasikia majimaji yakichemka ndani, sauti nyingi ndogo ndogo zinazofuatana. Ikiiva, sauti hizo hupungua zikabaki chache za hapa na pale. Keki iliyonyamaza kabisa imeanza kukauka.

Ikishaiva, iache ipoe ndani ya chombo chake hadi iwe baridi kabisa. Ukiitoa ikiwa moto itameguka.

Nina chombo cha mraba. Vipimo vibadilike?

Mraba hubeba zaidi ya duara lenye upana uleule. Chombo cha mraba cha sentimita 18 kinalingana na cha duara cha sentimita 20, kwa hiyo vipimo viacheni vilivyo.

Pombe si huisha yote ikiokwa? Nataka kuwapa watoto.

Haiishi yote. Chakula kilichochanganywa na pombe na kupikwa kwa saa mbili na nusu bado hubaki na kama asilimia 5 ya ile pombe. Hiyo ni kidogo. Lakini ile unayoinywesha keki baada ya kuiva haipikwi tena, inabaki karibu yote. Kama mezani kuna watoto, mjamzito, mtu aliyeacha pombe au ambaye imani yake haimruhusu, oka keki mbili, moja ya juisi, na uziwekee alama. Mgeni ana haki ya kujua anachokula.

Dada, hiyo keki "inanyweshwa" vipi?

Ikishapoa, itoboe tobo juu kwa kijiti chembamba, kisha mwagia vijiko vikubwa 2 vya ramu au brandi, kijiko kwa kijiko, ukisubiri kinywe ndipo uongeze. Ifunge kwa karatasi ya kuokea kwanza, halafu foili juu yake. Foili isiguse keki yenyewe, kwa kuwa asidi ya matunda huila. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, mahali pakavu pasipo na joto. Rudia kila baada ya wiki moja au mbili, kijiko 1 au 2, na uache wiki moja kabla ya kuipamba. Kuzidisha hakuongezi utamu. Keki hulowa katikati na kukatika ovyo.

Keki yangu huwa ya kahawia hafifu. Nataka iwe nyeusi.

Unguza sukari. Weka gramu 100 kwenye sufuria nzito, iache iyeyuke na kuiva hadi iwe kahawia iliyokoza sana na kuanza kutoa moshi mwembamba. Ondoa motoni, simama mbali, tia maji ya moto kidogo kidogo, kama mililita 60. Itarusha matone makali, kwa hiyo watoto wasiwe karibu. Ikipoa, tia vijiko viwili au vitatu vikubwa kwenye rojo kabla ya unga. Ikishapita hapo na kuwa majivu, imwage; uchungu wake hauondoki.

Nimeshaioka na imekauka. Niitupe?

Hapana. Itoboe, inyweshe juisi ya machungwa iliyochemshwa na sukari kidogo, ifunge siku nzima. Kwa keki ya ramu tumia ramu.

Aisingi yangu nyeupe hutoka madoa ya njano. Kwa nini?

Ni mafuta ya lozi. Ukiweka ile tabaka ya lozi za kusaga na sukari kisha ukapaka aisingi siku hiyohiyo, mafuta hupenya. Paka keki jemu ya aprikoti iliyochujwa, bandika tabaka ya lozi, iache wazi mahali pakavu siku 3 hadi 7 ikauke juu, ndipo upake aisingi. Na waulize wageni kuhusu mzio wa karanga na lozi mapema.

Leo tarehe 23 na sijaanza chochote!

Basi fanya ya kuchemsha. Matunda gramu 500, siagi gramu 125, sukari ya kahawia gramu 150 na juisi au chai mililita 250, vichemke pamoja kwa moto mdogo dakika 10. Epua, tia nusu kijiko kidogo cha magadi soda. Itafura povu, usishtuke. Iache ipoe hadi uweze kuigusa bila kuungua, maana ukitia mayai ikiwa moto yataiva humohumo. Koroga mayai 2, kisha unga gramu 225 uliochanganywa na bekingi pauda kijiko kidogo 1 na viungo vyako. Oka kwa sentigredi 160, saa 1 na robo hadi saa 1 na nusu, kwenye chombo cha sentimita 18 hadi 20. Kesho yake inaliwa, na tarehe 25 itakuwa laini zaidi.