Ovaholi ya injini ya lori: matengenezo au mtaji?

Mkuu, umeuliza kama milioni 9 za ovaholi (kufungua injini na kubadilisha vipuri vilivyochoka) ya lori lako la mbao uzitoe zote kwenye mapato ya mwaka huu au uziingize kwenye thamani ya gari. Zitoe zote. Naandika hesabu za wenye malori na mashine za mbao hapa Mafinga, na ubishi huu hauishi.

Kifungu cha 14 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinaruhusu gharama za kukarabati na kutunza mali inayochakaa, mradi ni yako na inazalisha mapato ya biashara. Kinachokataliwa ni gharama za kuiboresha. Hizo huongezwa kwenye gharama ya mali, kisha unazipunguza kwenye mapato kidogo kidogo kila mwaka kama uchakavu.

Wengi wanashikilia kwamba bili ya mamilioni lazima iwe mtaji, yaani iongezwe kwenye thamani ya gari. Si kweli, ukubwa wa bili hauamui kitu. Angalia gari limetoka gereji na uwezo gani. Umebadilisha pistoni, ringi, beringi na gasketi, lori likarudi kupanda mlima Kitonga kama zamani: hayo ni matengenezo. Ukirefusha chesisi na kuongeza ekseli ili libebe mbao nyingi zaidi, umeboresha. Tuseme imekugharimu milioni 12. Lori zito liko daraja la 2 la uchakavu, asilimia 25 ya salio lililobaki kila mwaka, kwa hiyo mwaka wa kwanza unapunguza milioni 3, wa pili 2,250,000, na kuendelea hivyo.

Balaa huanza kazi zote mbili zikifanyika kwa mkupuo, halafu fundi anakuandikia mstari mmoja tu: "matengenezo ya gari". Utamweleza nini mkaguzi? Mwambie fundi atenganishe ovaholi na ekseli, vipuri na ufundi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idai palepale, hata kwa spea ulizofuata Mwanjelwa, Mbeya. Muuza spea ukimrudia mwezi wa sita atakuuliza wewe nani.

Lori bovu la mnadani likitengenezwa kabla ya safari ya kwanza, mimi gharama hizo naziingiza kwenye bei ya kulinunua. Wapo wahasibu wanaobisha, lakini ulilipata rahisi kwa sababu ya ubovu huohuo.

Na kama bado uko kwenye kodi ya makadirio, mjadala wote huu haukuhusu. Kule gharama hazipunguzwi, iwe ovaholi au ekseli.