Tiba ya Rangi: Nilichokiacha na Nilichobaki Nacho

Mwanangu wa pili alizaliwa hapa Mtwara mjini kabla ya siku zake kutimia, na siku ya tatu macho na ngozi yake vikawa na rangi ya binzari. Wauguzi walimvua nguo wakamwachia nepi tu, wakamfunika macho kwa kitambaa laini, kisha wakamlaza chini ya taa ya bluu, nami nikakaa kando siku mbili nzima, nikimtoa kumnyonyesha na kumrudisha. Mwanga ule ulivifanya viganja vyangu vionekane kama vya maiti, lakini weupe wa macho yake ulirudi.

Nasimulia haya kwa sababu ndiyo hoja aliyoitumia aliyeniuzia tiba ya rangi miaka michache baadaye, wakati mimi nilikuwa sipati usingizi na mama mkwe wangu akisumbuliwa na presha. Alisema kwamba ikiwa taa ya bluu inamtibu kichanga, basi maji yaliyoanikwa juani ndani ya chupa ya bluu yatashusha presha, na ya chupa nyekundu yataongeza damu. Tukapanga chupa juu ya ukuta wa uani, mama akawa anakunywa glasi asubuhi na jioni, na bila kutuambia akaacha vidonge vyake. Wiki ya tatu aliamka kichwa kinamgonga, tukamkimbiza kupimwa, kipimo kikasoma 180 kwa 110. Njiani akaniuliza, "Mwanangu, si maji yanatosha?" Sikuwahi kumwambia kwamba yanatosha, ila sikuwahi kumwambia pia kwamba hayatoshi.

Baadaye ndipo nilipoelewa nilipodanganyika. Taa ya kichanga hutoa mwanga wa nanometa (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) kati ya 460 na 490 hivi, ambao hupenya ngozi na kuibadili bilirubini, ile rangi ya manjano iliyojaa mwilini mwa kichanga, iwe katika umbo ambalo mwili unaweza kulitoa kwa nyongo na mkojo. Ni kazi ya mwanga juu ya kitu kimoja kinachojulikana. Maji yakitoka kwenye chupa ya bluu hayabebi bluu yoyote. Mchezo huu ni wa zamani: Dinshah Ghadiali aliuza Marekani mashine za taa za rangi akidai zinaponya karibu kila kitu, hadi mahakama ilipomtia hatiani mwaka 1947, ilhali Niels Finsen wa Denmark alikuwa amepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Kwa hiyo anayekuuzia rangi muulize inatibu ugonjwa gani na kwa njia gani, na akikutajia magonjwa kumi, funga pochi.

Kilichonisaidia kulala kilikuwa balbu. Chumbani tulikuwa na taa nyeupe kali, ile inayoelekea ubluu, na ndani ya jicho zipo seli zinazouitikia zaidi mwanga wa nanometa kama 480 na kuuambia ubongo kuwa bado ni mchana, hivyo melatonini, homoni ya usiku, ikachelewa kupanda. Nilinunua balbu ya mwanga wa manjano. Kwenye boksi tafuta namba ya rangi ya mwanga: 2700K ndiyo ya manjano, na ile ya 6500K, nyeupe ya ubluu, iache jikoni. Simu nayo niliihamishia sebuleni, jambo lililonishinda kuliko kubadili balbu, na asubuhi nikaanza kutembea ufukweni Shangani jua likiwa bado changa, kwa maana mwanga wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwili. Ilichukua kama wiki mbili.

Kuta nazo, zilizokuwa na rangi ya chungwa iliyokolea aliyoichagua mume wangu, tulizipaka kijani hafifu. Najisikia mtulivu humo, ingawa siwezi kuapa kama ni kijani au ni usafi wa chumba kilichotolewa makorokoro yote kabla ya kupakwa. Paa tulilipaka nyeupe, na hilo sina shaka nalo: mabati meupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na joto la Novemba kwetu mnalijua.

Mama mkwe sasa anameza vidonge vyake mara tu baada ya swala ya alfajiri, nikiwa nimesimama mlangoni. Chupa za bluu alikataa nisizitupe. Moja ametilia mafuta ya nazi.