Juni fungua dirisha, Julai lifunge

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Joto likizidi mjini kwako, unaishi nalo vipi?" Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na mji wangu kwa sasa ni Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, katikati ya jangwa la Sonora. Kazi yangu ni kupanda mapaa ya watu kutengeneza mashine za kupoza hewa. Kwa hiyo hapo mmenigusa penyewe, mnivumilie nikirefusha.

Nianze na aibu yangu. Siku ya kwanza kazini, fundi mkuu, mzee wa asili ya Meksiko aliyezaliwa hapahapa, aliniambia ninywe maji kila robo saa, kiu iwepo isiwepo. Moyoni nikamcheka. Mimi nimekulia Ngamiani, nimecheza chandimu saa nane mchana wakati wa kaskazi, nani wa kunifundisha joto? Ilikuwa Juni, siku iliyokuja kufika nyuzi 42. Jasho sikuliona. Fulana kavu, uso mkavu, nikajipongeza kwamba mwili umeshazoea. Saa nne asubuhi nikaona ngazi zimekuwa mbili, nikashindwa kuchagua ya kushukia. Waliniteremsha kama mzigo. Nilipovua fulana nikakuta michirizi myeupe ya chumvi mgongoni na kwapani. Kumbe jasho lilikuwa linatoka muda wote, ila hewa ililinywa kabla halijaanza kutiririka.

Sisi watu wa pwani tunalipima joto kwa jasho. Likichuruzika tunajua jua ni kali, tunatafuta mwembe. Jangwani kipimo hicho kinakudanganya, na ndiyo maana wanaoanguka mapema ni wajuaji kama mimi.

Sasa niwaeleze mashine yenyewe, maana humo ndimo limo jibu langu lote. Nyumba nyingi za zamani za Tucson hazikuanza na kiyoyozi. Zina sanduku la bati juu ya paa ambalo jina lake la hapa, ukilitafsiri, ni kipozi cha kinamasi. Ndani yake kuna feni kubwa inayozungushwa kwa mkanda, pampu ndogo, boya kama la tangi la choo, na kuta zilizojazwa maranda ya mti. Pampu inalowesha maranda, feni inavuta hewa ya nje ipite humo, basi. Hakuna gesi, hakuna kompresa. Nilipofunguliwa la kwanza nilicheka kwa sauti, kwa sababu niliutambua mtungi wa bibi yangu. Mtungi wa udongo hutoa jasho kwa nje, jasho likikauka linaondoka na joto, maji ya ndani yanabaki baridi. Hili nalo ni mtungi, ila limepewa feni na linapoza hewa badala ya maji.

Na linafanya kazi ajabu. Mwezi wa Juni, nje nyuzi 41 na hewa kavu kama karatasi, kipozi kizuri kitakushushia nyumbani hewa ya nyuzi 24 au 25, kwa umeme mdogo mno ukilinganisha na kiyoyozi. Sharti lake moja watu hulisahau: lazima uache dirisha wazi kidogo. Hewa inayosukumwa ndani inahitaji pa kutokea, la sivyo unyevu unajaa chumbani na kipozi kinakosa nguvu. Nimeitwa mara ngapi sijui kwa bibi wa watu aliyefunga kila kitu na kushusha mapazia, ananiambia mashine mbovu. Ninafungua dirisha la upande wa pili kwa upana wa kiganja, tunakaa dakika kumi tukipiga soga, chumba kinapoa. Wengine hudhani nimefanya uchawi.

Halafu unakuja msimu.

Hapa niwachokoze kidogo. Wamarekani wana neno lao la pepo za mvua za kiangazi, "monsoon", na wa Arizona hulitamka kwa mbwembwe kana kwamba wamelizua wao. Asili yake ni neno la Kiarabu mawsim, lililochukuliwa na Wareno wakalipeleka Ulaya. Sisi tulilipata kwa Waarabu wenyewe tukasema msimu, tukapangia majahazi safari kwa kaskazi na kusi. Kwa hiyo mtangazaji wa hali ya hewa hapa akisema msimu umeingia, ninahisi ametaja kitu cha kwetu. Idara ya hali ya hewa imeuwekea tarehe, tangu mwaka 2008: Juni 15 hadi Septemba 30. Zamani walipima unyevu hewani, wakasubiri siku tatu mfululizo zifike kiwango fulani. Watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa jangwa hili, wana kalenda ya tangu na tangu: mwishoni mwa Juni wanaangua matunda ya saguaro, ule mti mrefu wa miiba wenye mikono, na mvua zikianza ndipo mwaka wao mpya unaanza.

Kwa kawaida fukuto linatangulia mvua. Mwanzoni mwa Julai upepo unageuka, unyevu unapanda kutoka upande wa Meksiko na Ghuba ya Kalifornia, mawingu yanajikusanya kila alasiri juu ya milima ya Santa Catalina, yananguruma, yanaondoka bila kudondosha kitu. Unabaki na nyuzi 38 na hewa nzito. Hapo mtungi wetu wa paani unashindwa, kwa sababu hewa iliyoshiba maji hainywi tena. Unatoa hewa ya nyuzi 27 au 28, yenye majimaji. Shuka zinanata. Milango inavimba inagoma kufunga. Chumvi inaganda kikoponi.

Mwaka wetu wa kwanza nyumba tuliyopanga ilikuwa na kipozi peke yake. Juni nzima mke wangu alikuwa analowesha kanga, anaikamua, anaitundika mlangoni mbele ya feni, na watoto wanalala fofofo. Julai akafanya vilevile, kanga mbili badala ya moja. Usiku wa manane tukaamka wote tumelowa, chumba kama jiko la ubwabwa. Akakaa kitandani akaniambia, "Baba Salma, tumerudi Tanga, ila bahari wameisahau."

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kuwajibu, Mhariri. Huku hakuna joto moja. Kuna jua kali la Juni na kuna fukuto la Julai na Agosti, na dawa ya moja ni sumu ya jingine. Juni unafungua dirisha na kuongeza maji hewani. Julai unafunga dirisha na kuyaondoa kwa kiyoyozi. Juni unakunywa hata kama huoni jasho, na ukijimwagia maji kichwani unapoa papo hapo. Julai jasho unaliona lote, linakaa tu juu ya ngozi halikufai kitu. Wiki ya pili ya Julai simu ya ofisini haipumziki, na nusu ya wanaopiga kipozi chao ni kizima kabisa. Kazi yangu inakuwa kuwashawishi wakizime. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kubadilisha pampu, kwa sababu mtu mwenye joto hataki kuambiwa azime chochote.

Tulichofanya sisi ni kununua kiyoyozi cha dirishani cha mtumba, kimoja, tukakifunga chumba cha watoto. Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba familia nzima inalala humo, magodoro chini. Mchana watoto wanakwenda maktaba ya umma, ambako kuna ubaridi wa bure na vitabu. Kupika ni kabla jua halijachomoza. Mimi naingia kazini saa kumi na moja alfajiri, na kufikia saa tano nataka niwe nimeshuka, maana ngazi ya bati na spana zilizoachwa juani zinababua. Bomba la maji baridi Juni linatoa maji ya moto, kwa hiyo maji ya kuoga tunayakinga usiku kwenye ndoo na kuyaacha ndani.

Msinielewe kwamba ni mambo ya kuchekesha tu. Phoenix, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa, mwaka 2023 ilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30. Lami na zege zilikuwa hazipoi hata usiku. Mwaka huo Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyotokana na joto. Sehemu kubwa walikuwa watu wasio na makazi, na wengi wa waliofia ndani ya nyumba walikuwa na kiyoyozi ukutani, ila hakifanyi kazi. Sentensi hiyo ya mwisho fundi kama mimi haimtoki kichwani. Ndugu zetu waliokuja kutoka Kongo na Burundi, mkifika jangwa hili, swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe hilo: kiyoyozi kinafanya kazi? Akisema ndiyo, mwambie akiwashe mkiwa mmesimama hapo.

Mvua yenyewe ikija, inakuja na vumbi kwanza, kisha harufu ya vichaka vya kreosoti vilivyolowa, harufu ambayo mtu wa hapa akiwa mbali huililia kama sisi tunavyolilia asumini. Halijoto inaporomoka kwa dakika chache. Makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu yanajaa maji ya kahawia, na kila mwaka yupo dereva anayepita kizuizi cha barabara akabebwa. Kuna sheria hapa tangu 1995 inayomlipisha gharama za kuokolewa, na wananchi wameibatiza sheria ya dereva mpumbavu.

Na usiku wake, madimbwi yakishajaa, wanatoka vyura waliokuwa wamejizika ardhini karibu mwaka mzima. Sauti yao sikuamini. Mama yangu alinipigia usiku mmoja kama huo, huku saa tatu usiku, kwao saa moja asubuhi, nami nilikuwa nimekaa barazani na dirisha limefungwa nyuma yangu kama inavyotakiwa. Tukasalimiana, akanyamaza kidogo akisikiliza.

"Mwanangu," akasema, "mmefuga mbuzi wangapi?"