Maharagwe ya Wageni Huanza Jana: Maswali na Majibu

Wiki hii nimeyaweka kando maswali ya biriani na pilau. Msimu wa arusi na vikao vya ukoo umeingia, na maswali yaliyonifikia karibu yote ni ya maharagwe. Nimefurahi, maana katika karamu zetu nyama huangaliwa na watu watano, na sufuria ya maharagwe huachiwa mtoto mmoja achochee moto. Yakitoka mabaya watu husema maharagwe ndivyo yalivyo. Sivyo yalivyo.

*Salaam aleikum Bi. Nilianza kuchemsha maharagwe saa mbili asubuhi, saa nane mchana bado magumu. Wageni walikula wali na mchuzi wa nyama tu. Nilikosea wapi? (Mama wa Kisauni)*

Waaleikum salaam. Hukunambia maharagwe uliyanunua lini, wala maji uliyateka wapi, wala kama uliyaroweka. Kila wiki naletewa swali hili bila mambo hayo matatu, nami nitabaki kuyauliza mpaka mtu ayajibu.

Haragwe kavu likikaa miezi mingi penye joto na unyevu huwa gumu kiasi kwamba kuni zako zote hazitalilainisha. Joto na unyevu ndiyo hewa yetu. Kwa hiyo gunia ulilolitia stoo mwaka jana kwa sababu bei ilikuwa chini halikukufaa kitu. Nenda soko la Kongowea, muulize muuzaji yapi ni ya mavuno mapya, uyatazame mwenyewe: ngozi ing'ae. Yaliyofifia na kukunjamana kabla hayajaona maji, mwachie mwenyewe.

Halafu maji. Kisiwa hiki cha Mombasa ni jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyake yamepita kwenye chokaa. Chokaa hiyo hukaza ngozi ya haragwe. Pikia maji ya bomba au ya mvua, ya kisima oshea vyombo.

Na roweka usiku kucha, kwa maji yenye chumvi, vijiko 2 vya chai kwa kila lita. Najua umefundishwa kwamba chumvi hukaza maharagwe. Hata mimi bibi yangu alinifundisha hivyo na nikamwamini miaka mingi, mpaka siku nilipoweka sufuria mbili sambamba, moja ya maji matupu na moja ya chumvi. Ya chumvi ilitangulia kuiva na ngozi hazikupasuka. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, utie mapya. Ukimwaga maji ya kurowekea, na gesi tumboni hupungua pia. Kinachokaza ni vitu vikali: tungule (nyanya), ukwaju, ndimu. Hivyo vingoje haragwe libonyee kati ya vidole viwili, ndipo viingie.

*Nikitia magadi je, hayataiva upesi? (Likoni)*

Yataiva upesi, yatakuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 iliyomo utakuwa umeiharibu. Roweka.

*Jirani yangu hutia vidonge vya kupunguza maumivu kwenye sufuria, na juu hufunika nailoni ili mvuke usitoke. Ni salama? (Majengo)*

La, yote mawili. Paracetamol ikizidi huharibu ini, na wewe hujui mgeni wako amemeza ngapi nyumbani kabla hajaja. Plastiki na mvuke wa moto visikutane juu ya chakula cha watu. Kama mfuniko haukai sawa, weka jani la mgomba kwanza, kisha mfuniko, kisha jiwe.

*Asubuhi ya arusi tuwape wageni mbaazi za nazi na mahamri, au maharagwe na chapati? (Bondeni)*

Mbaazi. Hili halikuhitaji kuulizwa Mombasa.

*Tui langu hukatika kila mara, maharagwe yakaelea mafuta juu na maji chini. Nitie unga? (Mwembe Tayari)*

Usitie unga. Tui hukatika kwa moto mkali na kwa haraka ya kutia ukali, na watu wengi huyafanya yote mawili mara moja kwa sababu wageni wameshakaa mkekani.

Kilo 1 ya maharagwe inataka nazi 2 kubwa. Zikune kwa mbuzi ya nazi, kamua tui zito kwa maji machache ya vuguvugu, liweke kando. Rudia machicha kwa maji zaidi upate tui jepesi. Maharagwe yakishaiva kabisa, yapike katika tui jepesi pamoja na kitunguu, manjano kidogo na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, mpaka lipungue nusu. Kama wapenda tungule, zikaange pembeni mpaka zikauke ndipo uzichanganye hapa. Punguza moto, ondoa makaa kabisa ikibidi, kisha mimina tui zito na ukoroge taratibu upande mmoja, sufuria ikiwa wazi. Likianza kutokota kidogo kidogo tu, ipua. Ndimu kila mtu akamulie sahanini kwake. Tui la pakiti linakubalika siku ya watu 200, lakini kwa watu 20 wa nyumbani mtu mmoja akae kwenye mbuzi.

*Nimeletewa sufuria ya umeme ya kupika polepole. Naweza kuyaacha maharagwe mekundu humo tangu usiku, nikaamka yako tayari? (Nyali)*

Soma jibu hili mara mbili. Haragwe jekundu bichi lina sumu, na mbegu nne au tano ambazo hazijaiva zatosha kumtapisha mtu na kumwendesha tumbo ndani ya saa chache. Sumu hiyo huvunjwa na maji yanayochemka barabara. Sufuria yako hupasha polepole, na mara nyingi haifiki pale. Haragwe huweza kulainika huku sumu bado imo, hata ikazidi kuliko kwenye haragwe bichi. Roweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, chemsha jikoni kwa moto mkali dakika 30, ndipo uyahamishie kwenye chombo chako cha umeme ukalale. Na wenye sufuria za mvuke wa nguvu: msijaze kupita nusu, povu la maharagwe huziba tundu la kutolea mvuke.

*Shikamoo Bi. Shemeji yangu anakuja na wanawe kutoka Marekani. Nataka kuwapikia maharagwe ya kuoka kama ya kwao, tutakuwa watu 30. Sina ovena, na ya mkebe ni ghali kwa watu wote hao. (Tudor)*

Marahaba, mwanangu. Hili ndilo swali nililolifurahia kuliko yote.

Ya mkebe tuliyoyazoea, yenye rojo la tungule, yanapendwa zaidi Uingereza. Heinz, kampuni ya Kimarekani, iliyapeleka huko, na siku hizi huivia ndani ya mkebe, hayaioni ovena. Ya Marekani kwenyewe, hasa ya Boston, ni mengine: maharagwe meupe madogo, molasi, haradali, kitunguu na nyama ya nguruwe ya chumvi, bila tungule. Watu wa dini wa kule zamani hawakupika siku yao ya ibada, kwa hiyo chungu kiliingia tanurini Jumamosi, kikaliwa jioni na kesho yake. Ni chakula kilichotengenezwa kumsubiri mlaji, ndiyo maana kinafaa kikao.

Ovena huihitaji. Bibi zetu waliokaje mkate wa kumimina? Moto chini, moto juu.

Chukua kilo 2 za maharagwe meupe madogo, roweka kama nilivyosema, chemsha mpaka yalainike bila kupondeka. Maji yake usiyamwage. Molasi usiitafute, hiyo wanayouza kwenye maduka ya chakula cha mifugo ni ya ng'ombe. Chukua nusu kilo ya sukari guru uiyeyushe katika maji hayo ya maharagwe, uongeze vijiko vikubwa 2 vya haradali ya unga, pilipili manga na chumvi. Badala ya nguruwe, weka nusu kilo ya kidari cha ng'ombe chenye mafuta, vipande vikubwa, na vitunguu 4 vilivyokatwa mara mbili chini ya sufuria. Tumia sufuria nzito. Maji yafunike maharagwe kwa unene wa kidole.

Weka juu ya seredani yenye makaa machache, funika kwa mfuniko wa bati, kisha palia makaa mengi juu. Saa 4 au 5. Kila nusu saa tazama maji, ukiongeza ongeza ya moto. Hayatapondeka: sukari guru hushikilia ngozi, na ndiyo sababu haiingii kabla haragwe halijaiva, maana likiingia gumu litabaki gumu. Nusu saa ya mwisho ondoa mfuniko, rojo lizame na juu pashike rangi ya kahawia.

Anza Ijumaa kwa wageni wa Jumapili. Yakilala friji usiku mmoja huwa matamu zaidi.

*Watu 60, kilo ngapi? (Changamwe)*

Kilo 4 kama kuna wali na nyama, kilo 6 kama ndiyo mboga yenyewe.

*Tulibakisha sufuria nzima ya maharagwe ya nazi baada ya hitima. Asubuhi yalikuwa na povu. Tuliyachemsha tena tukala, na watoto wawili wameumwa. Tatizo ni nazi? (Mtongwe)*

Poleni sana, na wakiendelea kutapika wapelekeni hospitali leo hii. Nazi haina kosa. Chakula kilichopikwa hakikai nje zaidi ya saa 2, na siku za joto letu la Januari saa 1 yatosha. Sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa vuguvugu usiku kucha, na vijidudu hupenda hapo hapo. Baadhi yao huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo povu na harufu ya kuchacha ni ya kumwaga, hata kama ni sufuria nzima na roho inauma. Siku nyingine kabla ya kutia tui gawa mara mbili: ya leo tia nazi, ya kesho yapoze haraka kwenye masinia mapana, yatie friji bila tui, na tui ulikune kesho.