Pareto huharibikia kwenye gunia

Msimu wangu wa kwanza wa pareto, maua ya kutengenezea dawa ya kuua wadudu, huku Umalila, milimani Mbeya, nilichuma gunia zima, jioni mvua ikatishia, nikaliacha ndani mpaka kesho yake. Asubuhi nilipotia mkono, mle ndani mlikuwa na joto kama la ugali uliotoka kuepuliwa. Maua yamekuwa ya kahawia. Mama mkwe akachungulia, akaguna: "Mwanangu, haya umeyapika." Mnunuzi hata kwenye mzani hakuyaweka.

Siku hizi nachumia kapu, nasubiri umande ukauke kwanza, na maua hayalali bila kutandazwa.

Kabla ya kuchuma, kitazame kile kiini cha njano. Si ua moja, ni vijiua vingi vimebanana kama kwenye uso wa alizeti. Mimea hii ni ya familia moja. Vinafunguka safu kwa safu, kuanzia pembeni kwenda katikati. Mimi nachuma safu tatu au nne zikishafunguka. Sumu ya kuua wadudu, pairethrini, imejaa kwenye vijimbegu vilivyo chini ya vijiua hivyo, wala si kwenye petali nyeupe ambazo wageni hupenda kuzipiga picha. Ukiwahi sana, sumu haijajaa. Kikonyo kiache shambani, kinaongeza unyevu tu na kushusha daraja.

Anika kwenye turubai juu ya kichanja, tabaka jembamba, ugeuzegeuze. Kilo 4 au 5 mbichi zitakupa kama kilo 1 kavu, kwa hiyo usimshuku kijana wako kwamba ameiba. Kipimo changu: sugua kiini kati ya vidole. Kikisambaratika, anua, kikibonyea, bado. Yakishakauka usiyasahau juani, maana mwanga nao unaila pairethrini.

Kuna ndugu wa Kyela, kule bondeni kwenye joto, aliniomba miche. Nilimwambia abaki na kakao yake. Pareto asili yake ni pwani ya Dalmatia, Kroatia, lakini huku kwetu katika ukanda wa joto inataka milimani: bila baridi haitoi maua ya kutosha, itabaki majani matupu.

Magunia makavu nayapanga juu ya mbao, mbali na ukuta, chumba chenye giza. Na siyaweki kungoja bei ipande, kwa sababu sumu inazidi kupungua humohumo ndani na mnunuzi analipa kwa sumu.