Jibu: Blanketi la mawimbi linazidi kuwa jembamba
Habari dada. Umesema mawimbi ya kroshia yanatokea vizuri, ila blanketi linapungua upana kila mstari. Usifumue yote kwanza. Anza kuangalia pembeni: mwanzo na mwisho wa mstari, kila upande ufume mishono miwili kwenye tundu moja. Wengi huruka tundu la mwisho maana hujificha karibu na vile vinyororo vya kugeuzia, yaani vinyororo vichache unavyofuma ukigeuza kuanza mstari mpya. Mimi hulitia pini kabla sijageuza.

Pembeni pakiwa sawa, hesabu katikati. Kileleni mwa wimbi mishono mitatu kwenye tundu moja, bondeni mitatu inafungwa pamoja kuwa mmoja. Kilele kinaongeza miwili, bonde linakula miwili.

Kama unatumia uzi wenye manyoya-manyoya, uweke kando kwa sasa, unaficha matundu. Picha uliyoweka imekata kingo za blanketi, weka nyingine kama bado linapungua.