Majibu kwa wasomaji: Picha ya damu na mgonjwa anayeelekea kuzidiwa

SWALI: Ninahudumia wodi ya watu wazima. Maabara yetu hutoa picha kamili ya damu tu (hesabu ya chembe za damu); vipimo vya CRP na prokalsitonini, vinavyopanda kwenye maambukizi makali, hatuna. Majibu yakirudi tunatazama jumla ya chembe nyeupe. Ikiwa kati ya 4 na 11 (elfu kwa kila mikrolita ya damu), tunasema maambukizi si makali. Tuko sahihi? (Muuguzi)

JIBU: Hapana, na tunaomba mwache kusoma hivyo leo hii. Jumla hiyo huficha mambo mawili yanayokwenda kinyume. Maambukizi yanapokuwa makali, adrenalini na kotisoli hupanda; nyutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zilizokuwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa huachia na kuingia kwenye mkondo wa damu, na uboho wa mifupa huongeza nyingine. Saa hizo hizo limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, hupungua: baadhi huhamia kwenye tishu, baadhi hufa. Moja imepanda, nyingine imeshuka, jumla imebaki palepale.

Chukueni karatasi yenye chembe nyeupe 9.6, nyutrofili asilimia 86, limfosaiti asilimia 7. Jumla haina kasoro. Sasa gawanyeni 86 kwa 7: mnapata 12.3. Kwa mtu mzima mwenye afya uwiano huu wa nyutrofili kwa limfosaiti kwa kawaida huwa kati ya 1 na 3. Mgonjwa wa maambukizi aliyevuka 10 hafai kulazwa kitanda cha mwisho wa wodi. Hakuna namba moja iliyokubaliwa kwa magonjwa yote, kwa hiyo msiigeuze 10 kuwa ukuta. Rudieni kipimo baada ya saa 24 na mtazame mwelekeo. Akitoka 12 akafika 5, mwili unatulia. Akitoka 12 akafika 20 ilhali yuko kwenye antibayotiki, ulizeni kama dawa ndiyo sahihi, au kama kuna usaha mahali unaosubiri kutolewa.

Kabla ya kuuamini uwiano, someni faili. Dawa za steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni huupandisha bila maambukizi yoyote. Upasuaji, majeraha makubwa na ujauzito pia. Virusi vya Ukimwi na dawa za saratani huvuruga hesabu yote. Tena, watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kwa maumbile, wakiwa wazima kabisa. Kwao uwiano huanzia chini, na viwango vilivyopimwa kwa watu wengine vinaweza kuchelewa kuwashtua.

Jumla ikiwa chini ya 4 kwa mgonjwa aliyedhoofu, ogopeni kuliko mngeona 18: huenda uboho umeelemewa. Taifodi na virusi vingi pia huishusha, ndiyo maana namba peke yake haitoshi. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 22 au zaidi, namba ya juu ya presha ikiwa 100 au chini yake, kuchanganyikiwa: akiwa na mawili kati ya hayo matatu, anzeni matibabu msisubiri maabara.

SWALI: Tulipata chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 38 tu (elfu kwa mikrolita) kwa mgonjwa wa homa anayekula na kutembea vizuri. Tuamini? (Mtaalamu wa maabara)

JIBU: Bado. Kwanza chunguza kichupa kwa kijiti safi. Ukikuta bonge la damu, sampuli haifai, chukua nyingine. Damu iliyovutwa polepole, au kichupa ambacho hakikupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 mara baada ya kujazwa, huganda kidogo bila mtu kujua. Kama hakuna bonge, tengeneza slaidi na utazame ukingo mwembamba. Kwa baadhi ya watu dawa ya kuzuia damu isigande, EDTA, iliyomo kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau hufanya chembe sahani zishikane mafungu, na mashine haiyahesabu kama chembe sahani. Ukiyaona, rudia kwa kichupa cha sitrati (dawa nyingine ya kuzuia kuganda) na uzidishe jibu kwa 1.1, maana sitrati huizimua damu.

Zikithibitika ni chache kweli, mshuko una maana kuliko kiwango: 260 hadi 140 ndani ya siku mbili ni habari mbaya hata kama 140 haitishi. Malaria, hata isiyo kali, huzishusha. Kwa dengi, soma haematokriti (asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu) sambamba. Ikipanda kwa asilimia 20 (tuseme kutoka 38 hadi 46) huku chembe sahani zikiporomoka, maji ya damu yanavuja nje ya mishipa. Lakini ukipima baada ya dripu, haematokriti itakuwa imeshuka na dalili hiyo itakupita.

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 2 ana homa, karatasi inaonyesha limfosaiti asilimia 58 na alama ya kuzidi. Je, ni hatari? (Mama)

JIBU: Marahaba, mama. Mpaka kufikia miaka 4 au 5 limfosaiti huwa nyingi kwa watoto. Huenda mashine imetumia viwango vya watu wazima. Na uwiano tuliomweleza muuguzi usitumike kwa mtoto huyu. Mtazame mwenyewe: akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata kama karatasi ni safi.